Modeli ya ngazi nyingi imegoma: tafuta chanzo kwa kufuata dalili

Data za Kigoma karibu zote huja zikiwa zimefungana. Kaya ipo ndani ya kitongoji, kitongoji ndani ya kijiji, kijiji ndani ya kata. Mtumbwi uleule hutoka mwalo uleule usiku baada ya usiku. Mtoto mmoja hupimwa uzito kliniki mwezi huu, ujao na unaofuata. Regresheni ya kawaida hudhani kwamba kila mstari wa faili hauna undugu na mstari mwingine wowote. Kwa data za namna hii dhana hiyo haishiki, na ndiyo sababu tunatumia modeli za ngazi nyingi.

Wanafunzi wa uzamili na maofisa ufuatiliaji wa miradi huleta malalamiko yanayofanana mno, kwa hiyo nimeyapanga kwa dalili. Ndani ya kila dalili, chanzo cha kawaida kinatangulia na kile cha nadra kinafuata. Mifano mingi ni ya programu ya takwimu R na pakiti yake ya lme4, kwa kuwa ni ya bure na wengi wanayo. Wanaotumia programu za Stata na SPSS nao watajiona humu.

Kabla ya yote chukua karatasi, andika nani yuko ndani ya nani, na kila ngazi ina vizio vingapi. Kama huwezi kuimaliza karatasi hiyo bila kuwauliza waliokwenda uwandani, wapigie simu kwanza. Matatizo mengi yanayosingiziwa modeli yamo kwenye faili, kwa sababu faili haielezi data zilipatikanaje.

Dalili: idadi ya makundi siyo unayoijua

Kwenye matokeo ya `lmer`, amri kuu ya lme4, kuna mstari unaotaja idadi ya vipimo na idadi ya makundi. Watu huuruka kukimbilia nyota, alama za thamani ya p iliyo ndogo. Usome kabla ya kitu kingine chochote, maana ndio ukaguzi wa bei rahisi kuliko yote.

Ikiwa ulitembelea vijiji 30 na programu inasema 5, namba za vijiji zimerudiwa. Kila timu iliyoingia kwenye kata ilianza kuhesabu upya: kijiji namba 1, namba 2, hadi namba 5. Kata zilikuwa sita, na kompyuta imechukua kijiji namba 1 cha Buhigwe ikakichanganya na namba 1 cha Kakonko kana kwamba ni kimoja. Unaweza kurekebisha kwa kuandika `(1 | kata/kijiji)`, lakini mimi hupendelea kuunganisha namba ya kata na ya kijiji iwe msimbo mmoja ndani ya faili lenyewe. Atakayelirithi faili hilo mwakani hatajua kwamba namba zilijirudia.

Ikiwa inasema 37, majina yameandikwa kwa mkono. "Mwandiga", "mwandiga" na "Mwandiga" yenye nafasi nyuma yake ni vijiji vitatu machoni pa R. Safisha herufi na nafasi, kisha linganisha na orodha ya halmashauri. Hakikisha pia hukuchukua safu ya kata ukidhani ni ya kijiji, maana kata na kijiji kimojawapo ndani yake mara nyingi hubeba jina moja. Safari nyingine fomu ya simu iwe na orodha ya kuchagua, mtu asiandike.

Makundi yakiwa sahihi lakini vipimo vimepungua, tazama majibu yaliyokosekana. Kaya ikikosa jibu moja tu kati ya vigezo ulivyoweka, mstari mzima unatupwa kimyakimya.

Dalili: kila kigezo kina nyota tatu

Matokeo yanapendeza kupita kiasi. Kisima, elimu ya mama, umbali wa zahanati, vyote vina thamani ya p chini ya 0.001.

Chanzo kikuu ni kwamba kijiji hakimo kwenye modeli. Anza na modeli isiyo na kigezo chochote, yenye kianzio, yaani kiwango cha kuanzia, cha kila kijiji peke yake. Itakupa variansi (vipimo vya mtawanyiko) mbili: ya kati ya vijiji na ya ndani ya vijiji. Gawa ile ya kati kwa jumla ya zote mbili upate ICC, yaani kiasi ambacho watu wa kundi moja wanafanana. Ukipata 0.05 usiseme ni ndogo. Mtaalamu wa sampuli Leslie Kish alituachia kanuni fupi: moja, jumlisha idadi ya kaya kwa kijiji ukitoa moja, mara ICC. Kaya 20 kwa kijiji zinakupa 1 + 19 × 0.05, yaani 1.95. Kaya zako 600 zina taarifa sawa na kaya kama 308 zilizochaguliwa moja moja. Nyota nyingi zitazimika hapo.

Chanzo kinachofuata kinauma zaidi, nacho ni kigezo cha kijiji kuhesabiwa kana kwamba ni cha kaya. Kisima kimechimbwa kijijini. Ukiwa na kaya 600, ushahidi wako kuhusu kisima ni vijiji 30, wala hautaongezeka kwa kuhoji kaya nyingine 20 palepale. Kijiji kikiwemo kwenye modeli, hesabu inajirekebisha yenyewe. Kikiwa nje, programu inaamini ina mashahidi 600.

Mara chache chanzo ni mteremko, yaani kiasi ambacho matokeo hubadilika kigezo kikibadilika. Kama mbegu bora inazaa sana Kasulu na kidogo tu Uvinza, nawe umeruhusu kianzio kibadilike lakini si mteremko, kosa sanifu la mbegu, yaani kipimo cha mashaka ya kadirio lake, litakuwa dogo kuliko haki. Jaribu `(1 + mbegu | kijiji)`, ukiwa tayari kwa dalili inayofuata. Na makundi yakiwa machache, usitegemee thamani za p zinazodhani sampuli kubwa. Tumia REML, njia ya kukadiria isiyopunja variansi, pamoja na marekebisho ya Kenward na Roger. Kwenye pakiti ya lmerTest unayapata kwa kuandika `ddf = "Kenward-Roger"`.

Simama hapa: ikiwa mradi ulipeleka huduma kijiji kimoja na kukilinganisha na kijiji kimoja kisichopata, weka kompyuta chini. Hata kaya ziwe 400 kila upande, huwezi kutenganisha huduma na kijiji chenyewe. Hakuna modeli inayoliokoa hilo, na mtakwimu utakayemwita atakuambia hivyohivyo. Tofauti ni kwamba yeye anaweza kukusaidia kuandika ripoti isiyodai zaidi ya ulichonacho.

Dalili: ujumbe wenye neno `isSingular`

Hofu ya wengi iko hapa, na mara nyingi haistahili. Ujumbe unasema variansi mojawapo imekadiriwa kuwa sifuri, au mahusiano kati ya kianzio na mteremko yamefika 1 au −1. Andika `VarCorr` uone ni ipi.

Mara nyingi umeomba mengi kuliko data zinavyoweza kutoa. Mtu anaweka mteremko wa vigezo vitatu kwa kila kijiji, na kila kijiji kina kaya sita. Punguza hatua kwa hatua: ondoa kwanza mahusiano kati ya kianzio na mteremko kwa alama ya `||`, ambayo hufanya kazi vizuri kwa vigezo vya namba lakini si kwa vya makundi, kisha ondoa mteremko usio na maana kwa swali lako.

Pili, makundi ni machache. Mkoa wa Kigoma una halmashauri nane, na Tabora vilevile nane. Kukadiria variansi kwa vizio vinane ni kubahatisha kwa adabu. Halmashauri iingize kama kigezo cha kawaida chenye viwango vinane, na ubaki na vijiji au kata kwenye sehemu nasibu, ile ya ndani ya mabano yenye `|`.

Inawezekana pia tofauti kati ya makundi ni ndogo kweli. Basi. Kama kundi hilo lilikuwa sehemu ya mpango wa kuchagua sampuli, liache kwenye modeli hata likiwa sifuri, useme hivyo kwenye ripoti. Ukitaka kuvuka hapo, pakiti kama blme na brms hukuruhusu kuweka taarifa ya awali (prior) inayozuia variansi kuangukia sifuri. Usiingie huko peke yako mara ya kwanza, kwa sababu taarifa ya awali iliyochaguliwa ovyo hubeba jibu lote makundi yakiwa machache.

Dalili: "Model failed to converge"

Kompyuta imetafuta jibu na haikuridhika kwamba imelipata. Tazama vipimo kwanza. Mapato yameandikwa kwa shilingi, 1,850,000 kwa mwaka. Umri wa mtoto ni miezi 7. Mwaka wa utafiti ni 2023. Namba zinazopishana kwa kiasi hicho zinausumbua utafutaji. Andika mapato kwa malaki, toa wastani kwenye umri, na mwaka uanze na 0. Kesi nyingi huishia hapo.

Zisipoishia hapo, badilisha njia ya kutafuta jibu kwa `control = lmerControl(optimizer = "bobyqa")`, au tumia `allFit`, inayojaribu njia kadhaa kwa mkupuo. Zote zikitoa makadirio yaleyale hadi desimali unayoijali, onyo lilikuwa la tahadhari tu na unaweza kuendelea. Zikitofautiana, amini onyo.

Kwa matokeo ya ndiyo au hapana, angalia kama tukio ni adimu. Ikiwa vifo ni vinne kati ya wajawazito 900, na vyote viko kwa waliojifungulia nyumbani, kigezo hicho kitakimbilia kwenye namba isiyo na mwisho huku kosa sanifu likiwa kubwa kuliko kigezo chenyewe. Hapo huhitaji tena fundi wa programu, mwite mtakwimu.

Dalili: vipimo vya kurudia vinatoa mstari usioaminika

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo makosa yanapojificha vizuri.

Ukaguzi wa kwanza ni umbo la faili. Kadi ya kliniki imeingizwa mtoto mmoja mstari mmoja, uzito wa Januari, wa Februari, wa Machi kwenye safu tofauti. Modeli inataka mstari mmoja kwa kila kipimo. `pivot_longer` kwenye R au `reshape long` kwenye Stata vitaigeuza. Ukishageuza, hesabu mistari ya mtoto mmoja unayemjua na uilinganishe na kadi.

Wa pili ni saa. Wengi huweka namba ya hudhurio, 1, 2, 3, kama ndio muda. Lakini mama mmoja alikuja kila mwezi na mwingine alikaa miezi mitano msimu wa kilimo. Hudhurio la tatu la watoto hao wawili si umri mmoja. Tumia umri kamili siku ya kupimwa. Pia mtoto haongezeki kwa mstari ulionyooka. Miezi ya mwanzo hupanda kwa kasi kisha kasi inapungua. Weka umri pamoja na umri uliozidishwa kwa wenyewe, au mkunjo unaoweza kupinda, na umpe kila mtoto mteremko wake.

Sasa tuje mwaloni. Daftari la dagaa lina mtego ambao haumo kwenye kitabu. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti kitu, hivyo mitumbwi mingi hukaa nchi kavu. Karani anaandika 0. Ukiichukua sifuri hiyo kama mavuno, umechanganya mtumbwi uliotoka ukarudi mtupu na mtumbwi ambao haukuondoka kabisa. Mwulize karani. Pengine utahitaji modeli mbili: ya kutoka au kutotoka, na ya kilo kwa waliotoka.

Ukishalisafisha hilo, chora mabaki ya modeli, yaani tofauti kati ya kilo halisi na zilizotabiriwa, kwa tarehe. Yakipanda na kushuka kila baada ya siku 29 au 30, ni mwezi unaonekana. Uweke ndani kwa sini na kosini ya siku ukitumia mzunguko wa siku 29.5, na uviweke vyote viwili, kwa sababu kimoja peke yake kinakulazimisha ujue kilele kiko wapi. Bado kuna kufanana kwa usiku wa leo na wa kesho, upepo uleule, kundi lilelile la samaki. lme4 haina nafasi ya kueleza mabaki yanayofuatana namna hiyo. Pakiti ya nlme inayo kwa `corAR1`, na `corCAR1` pale siku zinaporuka. Pakiti ya glmmTMB nayo inaweza. Mwaka 2024 uvuvi ziwani upande wa Tanzania ulisitishwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei. Aliyehesabu usiku kwa 1, 2, 3 bila kutumia tarehe ameubandika usiku wa mwisho kabla ya kufungwa na ule wa kwanza baada ya kufunguliwa kana kwamba unafuatana.

Simama ukiona kuna watu wanaotoweka. Modeli hizi huvumilia vipimo vilivyokosekana ikiwa sababu ya kukosekana inaonekana kwenye data uliyo nayo, kwa mfano umri, au uzito wa hudhurio lililopita. Mtoto asiyeletwa tena kwa sababu amedhoofika baada ya kipimo cha mwisho ni jambo jingine, na mstari wako utaonyesha kijiji chenye afya kuliko kilivyo. Lihusulo dawa, lishe au vifo, usitoe takwimu hizo kabla mtakwimu wa afya hajazipitia.

Dalili: kigezo kimegeuka alama

Regresheni ya kawaida ilisema taa nyingi, dagaa wengi. Umeweka mtumbwi kwenye modeli, athari imepungua nusu, au imegeuka hasi. Hakuna kilichoharibika. Maswali mawili yalikuwa yamefichwa kwenye safu moja. Mitumbwi yenye taa nyingi ni ya wenye mtaji, wana nyavu kubwa na mafuta ya kwenda mbali. Hiyo ni tofauti kati ya mitumbwi. Mtumbwi uleule ukiongeza taa mbili usiku mmoja, je, unapata zaidi? Hiyo ni tofauti ndani ya mtumbwi, na ndiyo anayoitaka mvuvi anayefikiria kununua taa.

Tenganisha. Tafuta wastani wa taa wa kila mtumbwi uuweke kama kigezo, kisha taa za usiku huo ukitoa wastani huo ziwe kigezo cha pili. Mwanauchumi Yair Mundlak alionyesha mwaka 1978 kwamba kuongeza wastani wa kundi kunaondoa mkanganyiko huu bila kuacha sehemu nasibu. Wakulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua wakichambuliwa kwa vyama vyao vya msingi, hali ni ileile: mbolea ya chama na mbolea ya mkulima ndani ya chama si swali moja. Ningekuwa na mamlaka, ningekataa jedwali lolote lisiloonyesha vyote viwili.

Dalili: R na Stata hazikubaliani

Haraka tu. `lmer` na SPSS huanza na REML, `mixed` ya Stata huanza na ML, njia ya kawaida ya uwezekano mkubwa zaidi. Makundi yakiwa machache, ML hutoa variansi ndogo zaidi. Chagua moja pande zote. Usilinganishe kwa REML modeli mbili zenye vigezo tofauti. Kwa matokeo ya ndiyo au hapana, `glmer` ya R hukadiria kwa njia ya Laplace, sawa na nukta moja ya kukokotolea, wakati `melogit` ya Stata hutumia nukta saba. Ongeza `nAGQ` (idadi ya nukta) kwenye R uone zinavyosogeleana. Ukitafuta ICC ya modeli hiyo usihangaike kutafuta variansi ya ndani, tumia 3.29.

Ukiamua kumwita mtu

Mwite mapema kuliko unavyodhani, hasa kama makundi yanayolinganishwa hayafiki kumi, kama ulibadilisha modeli baada ya kuona matokeo, au kama uamuzi wa fedha au tiba unasubiri jedwali lako. Idara za takwimu za vyuo vikuu zipo, ofisi ya takwimu ya mkoa ipo, na kwa mambo ya tiba NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ina kituo Tabora.

Usimpelekee picha ya skrini yenye onyo. Mpelekee faili ghafi kabla hujalisafisha, msimbo wote ulioandika hata ule unaoona aibu nao, dodoso, ile karatasi ya nani yuko ndani ya nani, na sentensi moja ya swali unalotaka kujibu. Majina ya wagonjwa na namba za simu vitoke kwanza, vibaki vitambulisho visivyo na maana nje ya faili. Kisha uwe na namba ya simu ya karani wa mwalo au mhudumu wa kliniki aliyejaza daftari, kwa sababu swali la kwanza atakalokuuliza mtakwimu linaelekea kuwa la kujibiwa na huyo aliyejaza daftari.